Kalamu ya Mtumishi: Edwin Mtei Kati ya Hazina na Ikulu

Tarehe 14 Juni 1966 Watanzania walianza kushika noti mpya. Zilikuwa za aina nne, za shilingi 5, 10, 20 na 100, na zote zilibeba picha ya Mwalimu Julius Nyerere akiwa bado na nywele nyeusi. Chini kulikuwa na sahihi mbili, moja ya Waziri wa Fedha na nyingine ya Gavana wa Benki Kuu. Picha ilitambuliwa na kila mtu, hata asiyejua kusoma. Sahihi hazikuangaliwa na wengi. Hata hivyo, ahadi ya Serikali ilikuwa ndani ya sahihi hizo, na ile ya Gavana iliandikwa na Edwin Mtei wa Marangu, mtu ambaye siku hiyo alikuwa hajatimiza hata miaka 34.

Mhadhara huu unaifuata sahihi hiyo kuanzia ilikoanzia hadi ilikofika: Hazina, Benki Kuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Wizara ya Fedha, shamba la kahawa la Tengeru na bodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mjini Washington. Wapo watumishi wengine wa kizazi hicho waliopanda juu kuliko yeye. Cleopa Msuya, aliyeanza kama afisa wa maendeleo ya jamii vijijini, alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Mtei amechaguliwa hapa kwa sababu katika maisha yake swali moja la utumishi linaonekana wazi kuliko kwa wenzake: afisa mkubwa wa Serikali anapolazimika kumwambia mkuu wa nchi kwamba hesabu haikubali, ameegemea nini mgongoni?

Kwa mtu wa nje, ukatibu mkuu wa wizara, cheo alichokishika Mtei Hazina, ni gari lenye dereva na ofisi yenye zulia. Kwa mtu wa ndani ni majalada. Jalada linatoka masijala, linapita meza kwa meza, kila afisa anaandika dokezo lake chini ya dokezo la mwenzake, anaweka tarehe na sahihi, mpaka linafika juu. Hapo juu ndipo linapopata uamuzi au linapolala. Anayelitazama jalada hilo miaka 20 baadaye ataona nani alishauri nini, nani alionya, na nani aliandika tu “nakubaliana na maelezo hapo juu” akalisukuma mbele asiulizwe. Ni kumbukumbu isiyo na huruma, na wazoefu wa Serikali wanaiogopa kuliko gazeti.

Tena Katibu Mkuu ndiye Afisa Masuuli wa wizara yake. Fedha zikitumika ovyo, anayesimama mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ni yeye, wala si Waziri. Ndiyo maana utaratibu uliorithiwa kutoka kwa Waingereza ulimpa kinga ndogo lakini ya maana: akiamriwa kulipa fedha anazoona hazistahili kulipwa, anapinga kwanza kwa maandishi. Akiamriwa tena, naye kwa maandishi, analipa, na karatasi inabaki jaladani. Kinga yenyewe ni ya karatasi tupu. Inafanya kazi pale tu ambapo mkubwa anaona haya kuandika kwa mkono wake jambo baya.

Mtei aliifikia kazi hiyo kwa njia waliyopita wengi wa rika lake, ingawa yeye aliianzia chini kabisa. Alizaliwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akakua akichunga mbuzi. Kitabu cha maisha yake, alichokitoa mwaka 2009, kimepewa jina linalomtaja mchunga mbuzi aliyefika ugavana. Kutoka shule ya misheni ya Kilutheri alikwenda Old Moshi, kisha Tabora, shule iliyokuwa imewalea Nyerere na Rashidi Kawawa kabla yake. Mwaka 1953 aliingia Makerere, chuo pekee katika Afrika Mashariki kilichotoa shahada wakati huo. Alipomaliza alifanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni ya tumbaku, na mwaka 1959 akaingia serikalini.

Mwaka huo una uzito wake. Aliyeingia serikalini mwaka 1959 alifundishwa na mfumo wa kikoloni ukiwa unafungasha virago. Siku ya Uhuru, Desemba 1961, mkuu wa utumishi katika Serikali ya Nyerere alikuwa bado Mwingereza, Charles Meek. Kisha ngazi zikapandwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana tena. Dunstan Omari, balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, alirudi kushika ukatibu wa Baraza la Mawaziri. Vijana waliokuwa wakiandika madokezo ya chini walijikuta, baada ya miaka miwili au mitatu, wakiketi kwenye viti vya waliokuwa mabwana zao. Mtei alipoingia Hazina kama Katibu Mkuu mwaka 1964 alikuwa na umri wa miaka 32 hivi. Leo mwenye umri huo serikalini huwa bado anasubiri kuthibitishwa cheo.

Na ulikuwa wakati wa namna gani! Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar na uasi wa jeshi la Tanganyika. Aprili ukaja Muungano. Mwaka huohuo ukaanza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano. Mpango ule ulitegemea sana fedha za nje. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa kuwa London haikuwazuia walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa unatazamiwa kutoka London ukafa hapohapo. Uamuzi ulikuwa wa heshima, na Afrika iliinua kichwa kwa sababu yake. Lakini asubuhi yake kuna mtu Hazina aliyelazimika kukaa chini na kalamu, kutafuta miradi ipi itasimama na ipi itaendelea. Mtu huyo hatajwi katika hotuba.

Mwezi huohuo wa Desemba Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Benki Kuu ya Tanzania.

Hapa panahitaji kutuliwa kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani benki kuu ilikuwa pambo la uhuru, kama bendera na wimbo wa taifa. Tangu mwaka 1919 fedha ya Afrika Mashariki ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Sarafu, ambayo makao yake yalikuwa London hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1960. Shilingi yake ilikubalika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam bila kubadilishwa, na 20 kati yake zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Uzuri wake ulikuwa uthabiti. Ubaya wake ni kwamba, kwa sehemu kubwa, shilingi mpya ilitoka pale tu ambapo pauni imewekwa akiba London. Mkulima wa pamba wa Usukuma akihitaji mkopo wa msimu, au Serikali ikihitaji kukopa kwa miezi mitatu kungojea kodi, Bodi haikuwa na la kuwafaa. Ilikuwa kama duka la kubadilishia fedha, lenye mlinzi aliyekaa ng’ambo ya bahari.

Mtaalamu wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, Erwin Blumenthal, aliletwa kushauri, na mwaka 1963 alipendekeza muundo wa ngazi mbili: benki kuu ya Afrika Mashariki nzima na matawi yenye mamlaka kiasi katika kila nchi. Wazo hilo lilitegemea shirikisho la kisiasa, na shirikisho halikuja. Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki yake. Tanzania ilifungua ya kwake Juni 1966, Uganda Agosti, Kenya Septemba. (Jina la Blumenthal halikuishia hapo. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Zaire kuisimamia benki kuu ya Mobutu Sese Seko, na ripoti yake ya 1982 ilieleza jinsi fedha za benki ile zilivyochotwa na watu wa Ikulu bila afisa yeyote kuweza kuzuia. Mtu aliyeshauri jinsi ya kuzijenga benki zetu alikuja kuandika jinsi benki kuu inavyokufa.)

Kazi ya kuanzisha benki kuu ni ya vitu vidogo vingi kwa wakati mmoja: noti zichapwe, zisafirishwe hadi Bukoba na Mtwara, za zamani zikusanywe, akiba ya Bodi igawanywe kati ya nchi, vijana wafundishwe kazi ambayo hapakuwa na mtu nchini aliyewahi kuifanya. Haya hayana sherehe, na yakifanyika vizuri hayana hadithi. Ndiyo sababu historia zetu zinayaruka.

Mtihani ulikuja baada ya miezi 17. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Makoloni ya zamani yaliyozoea kufuata pauni yalikuwa na saa chache za kuamua. Benki kuu tatu za Afrika Mashariki, ambazo kongwe kati yao ilikuwa na mwaka mmoja na miezi, ziliamua kutofuata. Pauni iliyokuwa inanunuliwa kwa shilingi 20 ikawa inanunuliwa kwa shilingi 17 na senti 14. Kwa mara ya kwanza thamani ya fedha aliyokuwa nayo mvuvi wa Kilwa iliamuliwa bila London. Kama inatafutwa siku moja ambayo uhuru wa fedha ulithibitika, mwandishi wa mhadhara huu angeichagua hiyo kabla ya siku ya kuzindua noti.

Kati ya kuzinduliwa kwa noti na kushuka kwa pauni lilikuwa limepita Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio lilitangazwa, na siku iliyofuata benki zote za binafsi zikataifishwa, zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Aliyepewa kuiongoza alikuwa mtumishi mwingine wa rika hilo, Amon Nsekela, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina na ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua pia kwa kitabu chake cha historia, Minara ya Historia ya Tanganyika. Wataalamu wa kigeni wa benki zile waliondoka wengi kwa pamoja. Milango haikufungwa. Mishahara ililipwa, mikopo ya mazao ikatoka. Nsekela na Mtei, mmoja akiwa benki ya biashara na mwingine Benki Kuu, walishikilia mfumo mzima wa fedha wa nchi wakiwa na watu wachache waliojua kazi.

Azimio liliwagusa watumishi wakubwa kwa namna nyingine iliyoingia hadi majumbani mwao. Masharti yake ya Uongozi hayakuwahusu wanasiasa peke yao. Afisa wa ngazi ya kati na ya juu naye alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere alikuwa amekata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kupunguza ya wakubwa wengine. Kwa mtumishi aliyekuwa amechukua mkopo kujenga nyumba ili aipangishe, ujumbe ulieleweka: chagua.

Sasa litazame swali lile la mgongo. Mtumishi asiyeruhusiwa kuwa na chochote nje ya mshahara hana sababu ya kuuza uamuzi wake kwa mfanyabiashara, na hilo ni jema kubwa. Tanzania ilivuna heshima ya utumishi kwa miaka mingi kutokana na sharti hilo. Ila mtumishi huyohuyo hana pa kwenda akigombana na mkubwa. Nyumba ni ya Serikali, gari ni la Serikali, na waajiri wengine wote ni mashirika ya umma ambayo wakubwa wake wanateuliwa na Ikulu ileile. Ukila na kipofu usimguse mkono, na maafisa wengi walijifunza kutogusa.

Kenya ilichukua njia nyingine, na jina lililoambatana nayo ni la mtumishi pia. Duncan Ndegwa, mzaliwa wa Nyeri aliyesomea uchumi St Andrews huko Uskoti, alikuwa Mkuu wa kwanza wa Utumishi wa Umma wa Kenya huru, na mwaka 1967 akawa Gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu ya nchi hiyo. (Asichanganywe na Philip Ndegwa aliyemrithi kiti hicho mwaka 1982.) Mwaka 1970 alipewa kuongoza tume ya kuchunguza muundo na mishahara ya utumishi, na ripoti ya tume hiyo, ya mwaka 1971, iliwafungulia watumishi mlango wa kufanya biashara mradi kazi ya umma isiathirike. Hoja ilikuwa kwamba Waafrika wenye elimu na mtaji walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa serikalini. Kuwafungia nje kungeacha uchumi mikononi mwa wageni. Katibu Mkuu wa Kenya akapata mgongo wa kuegemea: shamba, hisa, jengo mjini. Angeweza kugombana na Waziri asilale njaa. Lakini papo hapo akapata sababu ya kutogombana kamwe, kwa kuwa vibali, ardhi na zabuni zilizokuza biashara yake zilipitia mikononi mwa hao hao wakubwa. Wakenya wamebishana juu ya tume ile kwa zaidi ya miaka 50, na kila kashfa ya zabuni inaufufua ubishi huo.

Wa tatu kati ya magavana Waafrika wa benki kuu zile tatu alikuwa Joseph Mubiru wa Uganda. Alikuwa mtu wa benki kwelikweli, na aliiongoza Benki Kuu ya Uganda tangu ilipofunguliwa mwaka 1966. Idi Amin alipindua Serikali Januari 1971, na mwaka huo Mubiru akaondoka kwenye kiti. Mwaka 1972 alikamatwa. Hakurudi nyumbani. Septemba mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, naye hakurudi. Wale vijana watatu waliotia sahihi noti za Afrika Mashariki huru walitoka mfumo mmoja wa elimu na walifanya kazi inayofanana. Ndani ya miaka saba ilikuwa dhahiri kwamba elimu na kazi si vitu vinavyoamua mwisho wa mtumishi.

Mwaka 1974 Mtei alikabidhi Benki Kuu kwa Charles Nyirabu akaenda Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa cha utumishi katika eneo hili. Chini yake kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi. Jumuiya iliendesha reli yenye makao Nairobi, bandari zenye makao Dar es Salaam, posta na simu zenye makao Kampala, na shirika la ndege. Jengo la makao makuu lililokuwa linajengwa Arusha, lenye mbawa tatu, lilikusudiwa kuwa alama ya nchi tatu.

Lakini Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 uliweka kila jambo kubwa mikononi mwa Mamlaka ya Marais watatu, na Nyerere hakukubali kuketi meza moja na Amin. Tangu mapinduzi ya 1971 marais hao hawakukutana kama Mamlaka. Kwa hiyo Katibu Mkuu alikuwa anaandaa nyaraka za kikao kisichokaa. Aliweza kusafiri kutoka Ikulu hii hadi ile, kumwona kila rais peke yake na kurudi na majibu yasiyolingana. Fedha ndizo zilizoiua Jumuiya taratibu: mashirika yalikusanya mapato katika nchi moja na kudaiwa katika nyingine, na kila nchi ilianza kuzuia ya kwake isiyapeleke makao makuu. Mwanzoni mwa 1977 ndege za shirika la pamoja zilisimama. Kenya ikaanzisha shirika lake. Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Katikati ya mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikawa imekufa.

Ni rahisi kusema kwamba hapo hapakuwa na kosa la mtumishi. Ni kweli, na haitoshi. Jumuiya ilipovunjika, fundi wa reli wa Tabora na karani wa simu wa Moshi hawakuwa na ugomvi wowote na Amin wala na Nairobi. Mali na madeni yalisubiri msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano yake hayakutiwa saini hadi Mei 1984. Madai ya wastaafu wa Jumuiya yaliendelea mahakamani Tanzania mpaka karne hii. Walionekana Dar es Salaam wakiwa wazee wenye bahasha za kaki zilizochakaa, ndani yake barua za ajira za miaka ya 1960. Kila barua ilikuwa na namba ya kumbukumbu, muhuri na sahihi ya afisa. Waliiamini sahihi ile, na utumishi wa umma hauna mtaji mwingine zaidi ya imani hiyo.

Mwaka 1977 Mtei aliitwa Dar es Salaam kuwa Waziri wa Fedha na Mipango. Hapa alivuka mstari ambao watumishi wengi huuvuka bila kuutazama. Katibu Mkuu anayepinga uamuzi huandika dokezo lake, kisha anautekeleza, na dhamiri yake inabaki jaladani. Waziri hana jalada la kujifichia. Uamuzi wa Baraza ni wake, hata ule alioupinga dakika tano zilizopita, na atausimamia Bungeni kwa sauti yake mwenyewe.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya neema. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na Tanzania ikajikuta na akiba ya fedha za kigeni ambayo haikuwa nayo tangu ukame na bei mpya ya mafuta vya 1974. Wakopeshaji wa kimataifa walishauri masharti ya kuagiza bidhaa yalegezwe. Yakalegezwa. Akiba ikayeyuka haraka mwaka 1978. Katika hesabu ya maisha ya Mtei jambo hili lisipitwe juu juu: uamuzi ule ulifanyika yeye akiwa Waziri, na ndio uliowafanya wengi serikalini kuwatazama washauri wa Washington kwa jicho baya, hata baadaye walipokuja na ushauri wenye maana. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera. Vita ile, iliyomfikisha mwanajeshi wa Tanzania Kampala Aprili 1979, ilikuwa ya haki na ililipwa na Tanzania karibu peke yake. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda tena, na ya kahawa ilikuwa imeshashuka.

Ndipo ukaja mvutano na IMF. Shirika lilitaka, pamoja na mengine, thamani ya shilingi ishushwe na matumizi ya Serikali yakatwe. Mtei aliona kwamba mazungumzo lazima yafikie mapatano: shilingi iliyokuwa juu kuliko thamani yake ilikuwa inamwibia mkulima, kwa kuwa mauzo yake ya nje yalihesabiwa kwa kiwango kisichokuwa cha kweli, na bila mkopo viwanda vingekosa vipuri. Nyerere aliona jambo jingine, nalo halikuwa la kipuuzi. Kushusha thamani kungepandisha bei ya kila kitu kwa mfanyakazi wa kima cha chini, mbuni hauzai zaidi mwaka huohuo kwa sababu shilingi imeshuka, na nchi iliyotoka vitani haikustahili kupangiwa sera na maafisa wa Washington. Katika salamu za mwaka mpya wa 1980 aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima.

Wakati anauliza hivyo, Mtei alikuwa ameshaondoka. Alijiuzulu mwishoni mwa 1979.

Kujiuzulu si jambo la kawaida katika siasa za Tanzania. Ali Hassan Mwinyi alikuwa amejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kubeba dhamana ya vifo vya raia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Huko kulikuwa kubeba kosa la walio chini. Mtei aliondoka kwa kutokubaliana na aliye juu, na hilo ni nadra zaidi. Hakwenda uhamishoni wala hakukaa kimya kwa hofu. Alikwenda Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kulima kahawa. Zao lililokuwa likibeba bajeti alizozisoma sasa lilikuwa mbele yake, na bei aliyolipwa ilihesabiwa kwa shilingi ileile aliyoigombania.

Nchi nayo iliingia katika miaka ambayo waliokuwa watu wazima wakati ule hawajaisahau: foleni za sukari na sabuni, maduka yenye rafu tupu, msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Amir Jamal, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, alirudi Hazina. Baadaye kiti kikaja kwa Msuya, naye mtu wa Kilimanjaro, mhitimu wa Makerere, Katibu Mkuu wa zamani. Msuya alikuwa amebaki ndani muda wote. Katika bajeti ya 1984 alishusha thamani ya shilingi na kuruhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuagiza bidhaa, na rafu za maduka zikaanza kujaa. Mwaka 1986 Serikali ya Mwinyi, sasa akiwa Rais, ilifikia mapatano na IMF. Hapa wanafunzi wa utawala hupenda kuuliza nani alikuwa sahihi, aliyeondoka au aliyebaki. Huenda Msuya asingepata nafasi ya 1984 kama asingevumilia miaka ile mitano. Na huenda asingesikilizwa kama hapangekuwa na mtu aliyeacha uwaziri mwaka 1979 kwa ajili ya hoja hiyohiyo.

La ajabu zaidi lilitokea mwaka 1982. Nyerere, aliyekuwa bado anagombana na IMF, alimhitaji mtu wa kuketi katika bodi ya shirika hilo kwa niaba ya kundi la nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Akampendekeza Mtei. Mkulima wa Tengeru akafunga sanduku akaenda Washington kuwa Mkurugenzi Mtendaji, akakaa huko hadi 1986, akizitetea nchi zake mbele ya watu ambao mapatano nao yalikuwa yamemgharimu uwaziri. Rais hakumsamehe, kwa sababu hakuwa amemhesabu kuwa mkosaji. Alijua mtu huyu akisema hesabu ni hivi, basi ni hivi. Mubiru hakupata Rais wa namna hiyo.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa, Mtei, akiwa na miaka 60, alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Demokrasia na Maendeleo, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Katibu Mkuu wa chama alikuwa Bob Makani, mwanasheria aliyewahi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu. Watu wawili waliowahi kulinda fedha za nchi walijaza fomu, wakaambatanisha katiba ya chama, wakaipeleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na kungoja majibu. Yalitoka Januari 1993.